Wafanyakazi wa Wakala: Wajibu wa Kampuni Inayowapokea katika Mizani ya Sharia

  

SWALI

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, sheikh wetu.

Mimi ni msimamizi wa wafanyakazi katika hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja. Kila msimu wa wageni tunachukua vibarua wa usafi, jikoni na bustani kupitia kwa wakala. Sisi ndio tunaowasaili, tunawapangia zamu na tunawapa sare. Mwisho wa mwezi tunamlipa wakala kwa hesabu ya vichwa na siku, naye ndiye anayewalipa. Msimu uliopita wakala alipokea fedha za miezi miwili, akawalipa mwezi mmoja, kisha akafunga ofisi na simu. Wiki moja kabla ya Idi vibarua walikuja getini. Mkurugenzi akawaonesha risiti akawaambia: "Sisi tumeshalipa, nyinyi si wafanyakazi wetu." Wakaondoka. Mimi nilikuwepo na tangu siku hiyo sina raha. Je, hoteli imesalimika mbele ya Allah? Na ni yapi yanayotuwajibikia kwa watu hawa tangu wanapoingia mpaka wanapoondoka?

JAWABU

Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, ndugu yetu. Kukosa raha kwako ni kheri, kwani ni dalili kwamba moyo uko hai.

Jawabu kwa ufupi

Kwa maelezo uliyotupa, hoteli haijasalimika. Wakala aliyepewa fedha awagawie vibarua alikuwa mkono wa hoteli, na deni la ujira halitoki shingoni mwa hoteli mpaka limfikie mwenye jasho. Hoteli iwalipe, kisha imfuate wakala wake kwa haki yake. Ama majukumu mengine, kanuni yake ni moja: anayeiamuru kazi na kuichuma faida yake anaubeba wajibu wake, kwa kiasi cha amri aliyonayo. Karatasi ya wakala inaweza kugawa majukumu hayo, lakini haiwezi kuyafuta.

Sasa tufafanue, kwa sababu mas-ala haya yameenea. Hayapo mahotelini tu. Yapo bandarini, kwenye ulinzi, ujenzi, viwanda na mashamba, na ndugu zetu walioko Uingereza wanayajua kwenye maghala na nyumba za kulelea wazee.

1. Watu watatu, mikataba miwili

Katika ajira ya kawaida kuna pande mbili, mwajiri na mwajiriwa. Katika ajira ya wakala kuna pande tatu: mfanyakazi, wakala na kampuni mwenyeji, yaani ile ambayo kazi inafanyika kwake. Mfanyakazi ana makubaliano na wakala, na wakala ana makubaliano na kampuni. Baina ya mfanyakazi na kampuni aghlabu hakuna karatasi yoyote, na ilhali hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Yeye anatandika vitanda vya kampuni, anaamrishwa na msimamizi wa kampuni, na akianguka anaanguka kwenye ngazi ya kampuni.

Pengo hilo ndilo linaloleta dhulma. Akiuliza ujira, kampuni inamwambia amuulize wakala. Akimuuliza wakala, anaambiwa kampuni haijalipa. Kila mmoja ana jawabu, na mwenye haki anarudi nyumbani mikono mitupu.

Nakumbuka misimu ya karafuu Pemba nilipokuwa kijana. Wachumaji tuliletwa shambani na msimamizi, na mwenye shamba alihesabiana na msimamizi, si na sisi. Jioni msimamizi alipima kwa pishi yake, na kila mtu alijua pishi ile ni kubwa kuliko pishi ya dukani. Mwenye shamba alikaa pembeni akitazama. Siku moja mzee mmoja katika wachumaji akamuuliza: "Bwana, karafuu ni zako, jasho ni letu, sasa pishi hii ni ya nani?" Hakujibiwa. Surat al-Mutaffifin, tangu aya ya 1 mpaka ya 3, imewatishia adhabu wale wanaojitimizia wanapopokea na kupunguza wanapowapimia wengine. Aliyetazama pishi mbovu ikitumika shambani mwake kwa faida yake, akanyamaza, asidhani kwamba hayumo.

2. Wakala ni nani katika fiqhi?

Kabla ya kuhukumu nani anadaiwa, lazima tujue wakala amesimama mahali gani. Kuna sura tatu.

Sura ya kwanza: wakala ni dalali. Kazi yake ni kuwakutanisha mwenye kazi na mtafuta kazi, akapokea ada yake iliyojulikana na akaondoka. Hapa mwajiri ni kampuni tangu siku ya kwanza, na haki zote za ajira zinaihusu.

Sura ya pili: wakala ni naibu wa kampuni. Kampuni inampa fedha awalipe watu kwa niaba yake. Mkono wake ni mkono wa aliyemtuma. Ukimtuma mwanao apeleke deni dukani, naye asilifikishe, mwenye duka bado anakudai wewe. Ndivyo ilivyo hapa. Ama mfanyakazi mwenyewe akimteua wakala, kwa hiari yake na kwa kujua, ampokelee ujira wake, basi kumlipa wakala ni kumlipa yeye. Lakini uteuzi huo uwe wa kweli. Usiwe mstari mdogo kwenye fomu aliyotia saini hali ya kuwa hakusomewa.

Sura ya tatu: wakala ni mkandarasi. Amejifunga mwenyewe kuleta huduma iliyokamilika, kwa watu wake, vifaa vyake na usimamizi wake. Mfano wake ni kampuni ya dobi inayochukua mashuka ya hoteli, ikayafua kwenye jengo lake na kuyarudisha. Hapa hoteli inadaiwa na dobi, na dobi anadaiwa na wafuaji wake.

Makampuni mengi husema yapo katika sura ya tatu. Tusitazame jina, tutazame hali. Fuqahaa wana kanuni mashuhuri kwamba katika mikataba kinachozingatiwa ni makusudio na maana, si matamshi tu, ingawa wanavyuoni wa Kishafii wana ufafanuzi wao ndani yake. Basi ulizeni: Nani aliyemchagua mtu huyu? Nani anampangia zamu na mapumziko? Sare na vifaa ni vya nani? Nani akisema "kesho usije" basi hatokuja? Malipo yanahesabiwa kwa kazi iliyokamilika au kwa vichwa na siku? Majawabu yakiwa "kampuni" kwa yote au kwa mengi, basi ukandarasi ni wa jina tu. Na hivyo ndivyo ilivyo hoteli yenu kwa maelezo yako.

3. Majukumu kabla ya kazi kuanza

Kwanza, kumchunguza wakala. Je, amesajiliwa na ana leseni hai ya mamlaka ya kazi? Ana ofisi? Waliofanya naye kazi msimu uliopita walilipwa? Kumkabidhi mtu asiyeaminika haki za masikini ni uzembe. Na bei ikiwa ndogo kupita kiasi, ujue kuna mtu anayeilipia tofauti yake, na mtu huyo si wakala.

Pili, kuujua ujira anaoupata mfanyakazi. Katika ijara ni sharti ujira ujulikane. Tuseme kampuni inatoa shilingi 25,000 kwa siku kwa kila mtu. Katika sura ya pili, wakala hana ruhusa kukata humo zaidi ya ada aliyokubaliwa, kwa sababu fedha zile ni amana. Katika sura ya tatu, faida yake ni halali ikiwa mfanyakazi aliujua ujira wake, akauridhia, na hakudanganywa, na wala haukushuka chini ya kima kilichowekwa na serikali. Kwa hali yoyote, kampuni isiseme "hayatuhusu". Iulize, na jawabu liandikwe.

Tatu, kuhakikisha mfanyakazi hakutozwa fedha ili apate kazi, wala hakunyang'anywa kitambulisho au vyeti vyake. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani Namba 181 wa mwaka 1997, unaohusu mawakala binafsi wa ajira, umeweka asili ya kwamba mfanyakazi hatozwi ada. Maana yake inakubaliana na insafu: anayehitaji huduma ya wakala na mwenye uwezo wa kuilipia ni kampuni.

Nne, kuandika nani anabeba lipi. Mkataba huohuo wa mwaka 1997 unataka nchi zilizouridhia zigawe wazi baina ya wakala na kampuni mambo kama kima cha chini cha ujira, saa za kazi, hifadhi ya jamii, mafunzo, usalama kazini, fidia ya ajali na ulinzi wa uzazi. Orodha hiyo inafaa kuwa kurasa za mkataba wenu. Allah katika Surat al-Baqara, aya ya 282, ameamrisha deni la muda maalumu liandikwe. Ujira wa mwisho wa mwezi ni deni la muda.

4. Majukumu wakati wa kazi

Usalama. Hili halikubali kuachiwa wakala, kwa sababu wakala hayupo jikoni wala kwenye bwawa la kuogelea. Katika madhehebu ya Kishafii mtu huru hachukuliwi kuwa mali iliyomo mikononi mwa mtu, kwa hiyo kampuni haidhamini kila linalomfika kwa sababu tu yuko ndani ya jengo lake. Inadhamini kwa kuvuka mpaka na kwa uzembe wake. Wanavyuoni walitoa mfano wa aliyechimba kisima njiani pasi na haki, mtu akatumbukia, kuwa mchimbaji anadhamini. Ngazi iliyolegea, waya ulio wazi, dawa ya bwawa iliyotiwa kwenye chupa ya maji na isiandikwe, hivyo ndivyo visima vya leo. Mgeni wa kazi yuko kwenye hatari zaidi kuliko mwenyeji, maana hajui wapi sakafu inateleza. Basi siku ya kwanza aoneshwe hatari, apewe glovu na viatu vile vile wanavyopewa wengine, na ajue akiumia anamwita nani.

Kazi iliyokubaliwa. Waislamu wanafungwa na masharti yao, kama ilivyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi. Aliyeletwa kusafisha vyumba asihamishwe kuwa mbeba mizigo bila ya ridhaa yake. Na hapa visiwani kuna jambo linaloulizwa sana: Muislamu aliyekubali kazi ya bustani kisha akaamrishwa kutumikia ulevi baani. Ana haki ya kukataa, na kampuni haina haki ya kumfukuza wala kumkata siku kwa sababu hiyo.

Saa na mapumziko. Abu Dharr (r.a.) amepokea, katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) aliwaita walio chini ya mikono yetu kuwa ni ndugu zetu, akakataza kuwabebesha wasiyoyaweza, na akaamrisha tukiwabebesha tuwasaidie. Kibarua anayepewa vyumba ishirini ilhali mwenzake wa kudumu anapewa kumi na viwili, kwa kuwa tu hana wa kumsemea, amebebeshwa asichokiweza. Saa za ziada zihesabiwe na zilipwe.

Ibada. Wanavyuoni wa Kishafii wameeleza kwamba nyakati za tohara na sala zinatolewa ndani ya muda wa ijara, na ujira haupungui kwa ajili yake. Basi dakika za sala si fadhila ya meneja. Na katika hao wapo waliosema kwamba Yahudi aliyeajiriwa anaachiwa Jumamosi yake ikiwa ndiyo ada inayojulikana. Tazama upana wa insafu hii! Hoteli zetu zina wafanyakazi Wakristo wengi kutoka Bara. Wapangiwe zamu kwa namna ambayo Jumapili zao hazifutwi zote.

Heshima. Kibarua asiwekewe choo chake na kantini yake kama kwamba ana maradhi. Ale wanachokula wenzake, apande gari la zamu ya usiku wanalopanda wenzake. Wanawake walindwe na mikono na maneno ya wasimamizi na ya wageni. Binti aliyeletwa na wakala anaogopa kusema kwa kuwa anajua neno moja tu litamrudisha kijijini. Kwa hiyo kampuni iwe na mlango wa malalamiko unaomfikia kiongozi asiyekuwa msimamizi wake wa kila siku, na afadhali awe mwanamke.

Bakshishi na malipo ya huduma. Bakshishi aliyopewa mtu mkononi ni yake, kwani ni hiba. Ikiwa kuna sanduku la pamoja, au malipo ya huduma yanayokatwa kwenye hesabu ya mgeni kwa jina la wafanyakazi, basi mgeni ametoa kwa waliomhudumia. Kumtoa kibarua kwenye mgao, hali ya kuwa ndiye aliyetandika kitanda, ni kula kisichokuwa chako.

5. Majukumu kazi inapokwisha

Ujira ulipwe kwa ukamilifu siku ya kuondoka. Ibn Majah amepokea amri ya Mtume (s.a.w.) ya kumpa mfanyakazi ujira wake kabla ya jasho lake kukauka. Na katika hadithi qudsi iliyopokewa na Bukhari kutoka kwa Abu Huraira (r.a.), miongoni mwa watu watatu ambao Allah Mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni yule aliyemwajiri mtu, akaichukua kazi yote, kisha asimpe ujira wake. Zingatieni kwamba lililotajwa hapo ni kuchukua kazi na kutokulipa. Nani aliyechukua kazi ya vibarua wale? Vyumba vilivyosafishwa vilikuwa vya nani?

Jengine ni hila ya muda. Mtu anafanya kazi miaka mitatu kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu, kila mara anapumzishwa wiki mbili za masika, ili asihesabiwe kuwa wa kudumu na asipate likizo wala michango. Ikiwa kazi ni ya kudumu, kumwita mtu wa muda ni kubadilisha jina la kitu. Nafasi za kudumu zikitokea, vibarua waliothibitika uaminifu wao waambiwe kama wanavyoambiwa wengine, na waandikiwe hati ya kazi waliyofanya.

6. Wakala akikimbia na fedha

Tumesema kwamba katika sura ya kwanza na ya pili kampuni inadaiwa. Watu hukasirika hapa, husema: "Tulipe mara mbili?" Tunasema: hamjalipa mara mbili. Mmemkabidhi naibu wenu mara moja, naye amewakhini. Hasara ya khiyana yake ni ya aliyemchagua, si ya aliyeletewa. Fuqahaa wana kanuni kwamba hasara huandamana na faida. Mlimtumia wakala ili mpumzike na makaratasi, basi na hatari yake ni yenu.

Ama katika sura ya tatu ya kweli, deni kwa asili yake liko kwa mkandarasi. Lakini kuna mambo matatu yanayoirudisha kampuni ndani: ikiwa ilijua watu hawalipwi ikaendelea kuwatumikisha, ikiwa mkataba una sharti la dhamana, au ikiwa sheria ya nchi imeibebesha dhamana hiyo. Na hata yasipokuwepo hayo matatu, kuwasaidia ni katika muruwa na sadaka bora.

Kinga yake ni nyepesi. Kampuni itake kila mwezi orodha ya malipo yenye saini za wafanyakazi au taarifa za benki au za simu kabla ya kumlipa wakala mwezi unaofuata. Ibakishe mkononi sehemu ya ada yake mpaka msimu uishe na watu wathibitishe kuwa wamelipwa. Na lililo bora kuliko yote: ujira uende moja kwa moja kwa mfanyakazi, na wakala apewe ada yake peke yake.

Na wakala naye asitoe udhuru kwamba kampuni haijamlipa. Kama amejifunga kuwalipa watu, basi deni hilo ni lake. Kampuni yenye uwezo inayomchelewesha wakala nayo imo kwenye dhulma, kwani Mtume (s.a.w.) amehesabu kuchelewesha kwa mwenye uwezo kuwa ni dhulma, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim.

7. Sheria za nchi zinasemaje?

Kuifuata sheria iliyowekwa kwa maslaha ya watu, isiyoamrisha maasi, ni wajibu wa Kisharia pia. Hapa Zanzibar, mahusiano ya kazi yanasimamiwa na Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005 na Sheria ya Mahusiano Kazini Namba 1 ya mwaka huo, na masuala ya ajali na hatari yana Sheria ya Usalama na Afya Kazini Namba 8 ya mwaka 2005. Michango ya uzeeni ni ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ZSSF. Kampuni iulize: ni nani anayemchangia kibarua huyu, na iko wapi risiti? Mchango uliokatwa kwenye ujira na usifike Mfukoni ni amana iliyoibiwa.

Tanzania Bara, kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi Namba 7 ya mwaka 2004 kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa pale zinapopatikana alama kama vile kuongozwa namna ya kufanya kazi, kupangiwa saa, au kupewa vifaa na yule anayemfanyia kazi, bila ya kujali mkataba umeitwa jina gani. Ajabu ni namna alama hizo zinavyokaribiana na masuali tuliyoyauliza juu. Mwaka 2014 zikatolewa kanuni za mawakala binafsi wa ajira zilizolenga kumrudisha wakala kwenye kazi ya kuunganisha watu na ajira, asiwe yeye ndiye mwajiri wa anaowapeleka kwa wengine.

Afrika Kusini, marekebisho yaliyoanza kutumika Januari 2015 yanamhesabu mfanyakazi wa kipato cha chini, akishapita miezi mitatu kwa kampuni mwenyeji, kuwa ni mwajiriwa wa kampuni hiyo kwa madhumuni ya sheria ya mahusiano ya kazi, na Mahakama ya Katiba ikalithibitisha hilo Julai 2018.

Kwa ndugu zetu walioko Uingereza, kanuni za wafanyakazi wa wakala za mwaka 2010, zilizoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2011, zinampa mfanyakazi tangu siku ya kwanza haki ya kutumia huduma za pamoja kama kantini na usafiri, na kuambiwa nafasi za kazi zilizopo. Wajibu huo ni wa kampuni mwenyeji. Baada ya wiki 12 katika kazi ileile anastahiki ujira na masharti ya msingi sawa na aliyeajiriwa moja kwa moja. Na kwa kanuni za mwaka 2003, wakala wa huko haruhusiwi kumzuilia ujira kwa hoja kwamba kampuni haijamlipa. Mwenye haki hizi asione haya kuzidai. Kudai haki si utovu wa shukurani.

8. Masuali yanayofuatia

Je, mfanyakazi wa wakala naye ana wajibu kwa kampuni? Ndiyo. Muda wake ni amana, vifaa ni amana, na siri za wageni ni amana. Kudhulumiwa na wakala hakumhalalishii kuchukua mashuka ya hoteli. Ashitaki, asijilipe mwenyewe kwa siri.

Ashitaki wapi? Aanze kwa uongozi wa kampuni kwa maandishi, akiwa na tarehe na siku alizofanya kazi. Asiposikilizwa aende ofisi za kazi za wilaya au Kamisheni ya Kazi. Huko Bara kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Asichelewe, maana madai yana muda wake.

Je, vibarua wakisamehe? Msamaha wa mtu aliyelipwa nusu akaambiwa "saini hapa uchukue hii au ukose yote" hauna uzito. Msamaha wa haki ni wa anayeweza kukataa.

Mimi ni msimamizi tu, si mwenye mali. Nifanye nini? Kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Wewe una majina, una namba za simu na una daftari la zamu. Liandike suala hili kwa mkurugenzi kwa adabu na kwa hesabu kamili: watu wangapi, siku ngapi, shilingi ngapi. Ukikataliwa, usikatae kutoa ushahidi pale vibarua watakapouhitaji. Surat al-Baqara, aya ya 283, imekataza kuficha ushahidi.

Khatima

Ndugu muulizaji, fedha za mwezi mmoja wa vibarua kwa hoteli ni sehemu ndogo ya msimu. Kwa mama aliyeziwekea nguo za Idi za watoto wake, zilikuwa ndiyo Idi yenyewe. Watafuteni. Namba zao mnazo. Walipeni kwa ukamilifu, waombeni radhi, kisha mfuateni wakala mahakamani mkiwa na risiti zenu. Risiti hizo ni hoja nzuri juu yake yeye. Juu ya vibarua si hoja.

Tunamuomba Allah awarahisishie wenye kazi kulipa, awape subira wenye haki mpaka wazipate, na atulinde sote na kula jasho la mtu.

Wallahu a'lam.